Risasi Mbili za Adrien Nduwimana

Nikiwauliza ninyi mliokaa hapa, risasi ni nini, mtanijibu nini? Jibuni moyoni tu, kwa sababu Mchungaji Kipchumba ameniomba kwa upole nisitaje mambo ya bunduki ndani ya hall ya kanisa, na mimi nikamwitikia sawa pastor, nikarudi nyumbani kuiandika upya historia hii bila neno hilo, nikashindwa, maana neno hilo ndilo lililomzika baba yetu, ukilitoa kinachobaki ni tarehe na majina ya vijiji.

Mchungaji, utanisamehe. Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Blacktown, wafanyakazi wenzake marehemu, na wewe Craig, bosi wake, uliyekaa mstari wa pili na shada la maua ambalo jina la kampuni limeandikwa kubwa kuliko jina la maiti, mimi naitwa Ange, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwenye digrii ya public health ambayo haijanipatia kazi hata moja, asubuhi naambiwa niko overqualified, mchana naambiwa sina local experience, na familia imenituma nisome mimi, nadhani kwa kuwa ndani ya nyumba yetu ni mimi peke yangu nisiye na shift leo.

Marehemu Adrien Nduwimana alizaliwa tarehe 5 Mei 1974 huko Mabanda, mkoa wa Makamba, nchini Burundi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Gaspard na mama Spéciose, ambao wote walitangulia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mabanda kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha akajiunga na shule ya ufundi ya misheni, alikojifunza useremala, na mwalimu wake alikuwa akimwita Bwana Milimita, kwa sababu angeweza kurudia kiungo kimoja cha kiti tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni, wenzake wakimcheka kwamba kiti chake kitakaliwa na wajukuu.

Mwezi Oktoba mwaka 1993 risasi zilifika Mabanda, hizo za kwanza, zile mnazozijua wote, zikaja zikiwa zimeshakamilika, hakuna aliyetuuliza, na marehemu akavuka mpaka kwa miguu akiwa na randa moja na mdogo wake mgongoni, akaingia Tanzania, akapokelewa katika kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu, ambako alikaa miaka karibu kumi na minne akitengeneza milango ya nyumba ambazo hazikuwa na kitu cha kuibiwa.

Tarehe 12 Julai 1997, hapo hapo kambini, alifunga ndoa takatifu na mama yetu Fébronie, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi Ange mwaka 1999, Irambona mwaka 2004, na Darlène aliyezaliwa hapa Sydney mwaka 2010, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini ukimwita anakujibu what.

Tarehe 21 Juni 2007 tulitua Sydney, baridi ikitungoja airport, na tangu siku hiyo marehemu hakukaa bila kazi, alianza kwenye kiwanda cha kuku, akakata mapaja mpaka kiwanda kikahama, na tarehe 3 Agosti 2015 akaajiriwa kama cleaner kwenye range, yaani kiwanja cha ndani cha kulenga shabaha, donc kazi yake ilikuwa kufagia nyuma ya shabaha, pale ambapo kila risasi hugonga ukuta wa chuma, ikasagika, ikawa vumbi la kijivu. Feni kubwa ya kutoa lile vumbi iliharibika Februari 2022. Craig alisema part iko kwenye meli. Sijui hiyo meli inapitia wapi, maana imekaa baharini muda mrefu kuliko Nuhu, na wakati wote huo baba alifagia kwa fagio kavu, kwa kuwa maji aliambiwa yanaleta matope, akiwa na mask ya karatasi iliyobaki kutoka Covid, chini ya bango linalosema Safety is everyone's business, na Craig akipita anampiga begani, anamwambia Adi, you're a legend.

Sasa nifike kwenye meza, na kwa kuwa meza ndiyo imeshtakiwa, mnivumilie niieleze kwa heshima, kama watu wanavyoeleza harusi.

Marehemu alipata leseni yake mwaka 2018, kihalali, akajiunga na klabu ya kulenga shabaha, na mwaka 2020, lockdown ilipotufungia ndani, akaanza kujenga garage meza ya kujazia risasi upya, yaani kuchukua maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyaunda tena kwa mkono, kwa ajili ya klabu. Mama alikataa. Alisimama mlangoni mwa garage na upawa mkononi, akamwambia, Papa Ange, sisi tumekimbia hizi vitu mpaka huku kwenye mwisho wa dunia, na wewe unazifungulia chumba? Na marehemu, bila kuinua macho kwenye kipimo chake, akamjibu, Fébronie, zile zilikuwa za watu, hizi ni za karatasi. Mama akasema basi karatasi ndiyo itakupikia. Lakini usiku ule ule nilimsikia marehemu akimweleza kwa Kirundi, polepole, kwamba risasi amezikimbia tangu ujana bila kujua zina nini ndani, anataka mara moja aione ikiwa vipande, kwa sababu ikiwa vipande mezani haina adui, na kesho yake mama akampelekea chai garage, akaiacha kizingitini.

Ubao wa juu ni mlango wa mbao ngumu alioukuta umetupwa barabarani siku za council clean-up, watu waliupita siku mbili, yeye akaukokota mpaka nyumbani na Irambona, akaupiga randa, akaukaza kwenye ukuta kwa bolti ili usitikisike hata kidogo, akafunga mashine ya mkono upande wa kulia, mizani upande wa kushoto mbali na upepo wa mlango, taa moja nyeupe juu. Baruti ilikaa kwenye sanduku lake lenye kufuli. Kitabu cha maelekezo Darlène alimsomea chote, mstari kwa mstari, akilalamika Papa, this is so boring, naye akimwambia soma mama, hapo kwenye boring ndipo watu hufia. Sheria zilikuwa zake na hazikuwa na msamaha, hakuna simu mezani, hakuna redio, hakuna chakula, hakuna mgeni, vichwa vya risasi alinunua vilivyovikwa shaba tayari, hakuyeyusha kitu, meza aliipangusa kwa kitambaa kibichi, aproni ilibaki garage, na kabla ya kuingia ndani alisimama kwenye bomba la nje, hata Julai kwenye baridi kali ya huku, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, mama akamuuliza kwa dirisha umenawa? Naye akainua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa, akasema nimenawa, mheshimiwa.

Huyo ndiye mtu wanayesema alijitia sumu kwenye garage yake.

Ugonjwa ulianza mwaka jana katikati, tumbo likimkata, kichwa kikimuuma, hasira ambazo hazikuwa zake, kisha mkono wa kulia ukaanza kulegea kwenye kifundo, nyundo ikawa inamponyoka, na Jumanne tarehe 11 Machi mwaka huu nilimpeleka kliniki kuchukua majibu ya damu. Mkalimani wa Kirundi hakupatikana, wakampigia wa Kiswahili kwa simu, mama mmoja mwenye sauti nzuri na Kiswahili safi cha kitabuni, hakukosea hata ngeli moja. Daktari akasema kwa Kiingereza kwamba kuna lead nyingi kwenye damu yake, ile metali ya kijivu, nzito, yenye sumu, ambayo kwa Kiswahili, na hapa sasa jibuni lile swali langu, inaitwaje? Inaitwa risasi. Ni neno lile lile. Mkalimani akatafsiri sawasawa kabisa, akasema, mzee, daktari anasema una risasi nyingi ndani ya damu.

Papa akacheka. Akafungua vifungo vya shati, akaonyesha kifua, akasema mwambie daktari hakuna hata moja, hata kule Mabanda hawakunipata. Daktari, akiona mgonjwa anacheka, akauliza kama nyumbani anashika lead, na simu ikasema, je, mzee, nyumbani unashika risasi? Ndiyo, akasema Papa, kwa fahari ambayo mpaka leo inanichoma, nina meza yangu, nazitengeneza mwenyewe kila Jumamosi. Na kazini je, unashika risasi? Hapana kabisa, akasema, akikaa wima kama yuko mbele ya polisi, kazini mimi nafagia tu, siruhusiwi kugusa risasi, mwambie aandike hivyo.

Na ikaandikwa hivyo. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, nilisimama, nikasema doctor, he means bullets, nikaambiwa please let the interpreter do her job, it's policy, familia hairuhusiwi kutafsiri, nikasema mara ya pili, nikaambiwa nikae au nitoke, na kabla sijakaa dakika za simu zikaisha, mama wa sauti nzuri akatutakia siku njema. Voilà. Chanzo cha sumu, nyumbani. Kazini, hapana.

Tangu hapo neno hilo, nyumbani, lilitangulia kila mahali tulipokwenda. Kazini kwake wakasema pole sana Adi, it's the hobby, mate. Bima wakasema hivyo hivyo. Nilipoomba kliniki warekebishe wakajibu mgonjwa mwenyewe ndiye aombe, na mgonjwa mwenyewe wakati huo alikuwa ameanza kuniita kwa jina la dada yake aliyebaki Mabanda. Huku mtaani nako mlifanya kazi yenu, msijifanye, mlisema Papa Ange kapigwa risasi na wenzake wa klabu, kuna mama aliyekuja na sahani ya sambusa akaniuliza kwa siri ilipoingilia ni wapi, na mimi nikamwonyesha pua yangu, nikasema hapa mama, imeingilia hapa, kila siku ya kazi.

Tarehe 2 Septemba figo zilikuwa zimeshachoka, presha ikapanda, mshipa wa kichwa ukapasuka, akalazwa, na Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, Adrien Nduwimana akatutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Na sasa sikilizeni, maana baada ya kifo tulijipima sisi wote tulioishi na ile meza, mama aliyefua nguo zake za Jumamosi, Irambona aliyeshika ubao wakati wa kupiga randa, Darlène ambaye chumba chake kimepakana na garage, na mimi, na damu zetu ni safi, zote nne. Akapimwa pia Wekesa, huyo kaka Mkenya mnayemwona pale karibu na mlango, baba wa mtoto mdogo, aliyepokea fagio la marehemu mwezi wa Juni, ambaye hajawahi kukanyaga garage yetu, na alipopata majibu alinipigia akaniambia, Ange, mimi pia niko nayo, na rent yangu iko nayo, nifanye nini? Kesho kutwa saa moja asubuhi yuko kwenye roster.

Familia inawashukuru wauguzi wa ICU waliomgeuza marehemu kwa upole na kumwita kwa jina lake lote, madaktari waliotuambia ukweli mapema, polisi waliokuja kuchukua bunduki na baruti wakavua kofia mbele ya mama, majirani, hasa mama Chepkoech ambaye jiko lake halijazimwa wiki nzima, wafanyakazi wenzake waliokuja leo wakijua bosi atawaona, na hata yule mama wa simu, hakukosea, Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko maisha yetu. Na ile meza mnayoiona hapo mbele, yenye picha yake na mishumaa, ambayo tangu asubuhi mmeiinamia mkiweka maua, ndiyo hiyo, mshtakiwa, Irambona aliifungua bolti mara tu baada ya kifo, tukaipeleka ikapimwa, haina kitu.

Papa, nimekunawisha mwenyewe mpaka kwenye viwiko, mama ameuliza dirishani na mimi nimemjibu kwa niaba yako kwamba umenawa, basi ingia ndani, pumzika kwa amani.

Ambao hawajanawa bado tunao hapa. Wekesa, sogea ukae karibu na Craig, umtafsirie, na ukifika kwenye neno risasi usiwe na haraka, mwambie ziko mbili. Craig, funga hiyo range leo hii, isifunguliwe mpaka feni izunguke mbele ya macho yetu, na wewe na ile kliniki mwende mkafute neno nyumbani kwenye jina la baba yangu, kabla hamjamwandikia Wekesa neno hilo hilo.