Ufunguo wa Studio na Barua ya Filamu

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji wetu, Bwana Opondo kutoka ofisi ya kiwanda cha majani chai, Mzee Johana Kipkemboi na mkewe Mama Janeffer, wazee, akina mama, na nyinyi nyote mliokanyaga matope ya Novemba kutoka Kimulot hadi hapa Mogogosiek: Bwana asifiwe! Mmeitikia kwa nguvu, kumbe chakula kimewafikia.

Kwa wasionijua, mimi ni Beverly Ayoo. Baba yangu alitoka kando ya ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, mimi nikakulia hapa, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa msaidizi wa Mzee Johana katika studio yake ya picha. Leo Mzee anastaafu kwa sababu macho yamemchoka. Programu mliyo nayo inasema nizungumze dakika tano, kisha anikabidhi ufunguo. Dakika tano hazitatosha, mnisamehe, maana wiki hii sijatulia hata kidogo.

Niambieni, ni nani hapa ambaye picha ya kitambulisho chake haikupitia mikono ya Mzee huyu? Wako wapiga picha, siwataji, wanaokwenda kwenye sherehe na kamera haina filamu ndani. Wanawawashia watu flashi, watu wanatabasamu, wanaambiwa waje wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo haifiki. Mzee Johana hakuwahi kumwashia mtu flashi tupu. Filamu ikiisha alisema imeisha, hata kama aliyesimama mbele yake ni chifu. Mheshimiwa, unacheka kwa sababu unakumbuka.

Hata hivyo, Mzee ni mwongo. Mama Janeffer, usiniangalie hivyo, ngoja nimalize.

Bwana Weldon na Mama Chelangat, simameni kidogo watu wawaone. Hawa walioana mwaka wa themanini na nane, wiki yangu ya pili kazini. Mzee alikuwa katika chumba cha giza, filamu ya harusi yao iko mikononi, bado hajaitia kwenye kopo la dawa. Mara nikasikia lori la majani likipiga honi pale kituoni, na gunia la majani la Mzee halijapimwa! Wakulima mnajua lori likikuacha ni nini. Basi nikausukuma ule mlango kwa mikono miwili, nikapiga kelele, "Mzee, lori!" Mwanga ukaingia, na harusi nzima ikateketea.

Mzee aliwaambia nini wenye harusi? Aliwaambia filamu ilitoka mbovu huko ilikotengenezwa. Jumamosi iliyofuata bibi harusi akavaa tena, bwana harusi akaazima tena ile suti, wakatembea tena hadi mlango wa kanisa. Nyanya yake Chelangat akakataa kuja. Alisema, "Nimeshamtoa mara moja, inatosha." Na keki ilikuwa imeliwa yote. Mama Chelangat, ile keki ndefu iliyo kwenye albamu yako ni boksi la majani chai tulilolifunika kwa karatasi nyeupe. Basi leo nakiri mbele ya kanisa na serikali: filamu ilikuwa nzima, mbovu nilikuwa mimi. Mzee alijua mkisikia ukweli mtataka nifukuzwe, akaona heri kuwasingizia watu wa ng'ambo ambao hatawahi kukutana nao. Asante, Mzee. Nimechelewa sana kuisema.

Sasa nije kwenye linaloniwasha.

Hao watu wa ng'ambo tuliowasingizia wameandika barua. Ilikuja mwezi wa nane, kupitia kwa muuzaji wa Nairobi anayetuletea filamu. Inasema kampuni inayotutengenezea filamu imefunga mtambo mmoja, na huo uliobaki hawajui kama utafika mwaka wa elfu mbili na mbili. Barua hiyo sikuonyeshwa. Niliikuta chini ya pakiti za karatasi za picha, imekunjwa mara nne. Mzee, mara nne! Ulidhani sitainua zile karatasi?

Unasema nini, Mzee? Anasema alitaka kuniambia baada ya chakula.

Nani atanijibu? Filamu hatutengenezi sisi. Majani yakikosa soko tutawapigia kelele wakurugenzi, tutamwita mbunge, tutalala barabarani. Filamu ikikoma nitampigia nani kelele? Juzi kule Kericho kijana mmoja wa mauzo alinionyesha kamera isiyotumia filamu. Akanipiga picha, nikajiona hapo hapo mgongoni mwa kamera. Nikamwuliza, negativu iko wapi? Akasema hakuna, picha iko ndani. Ndani ya nini? Akacheka, mimi sikucheka. Nyinyi mkifiwa huja mbio studioni kutafuta picha ya kutangulia jeneza, na sisi hufungua yale masanduku ya negativu na kumpata mtu wenu, hata kama alipigwa mara moja tu maishani. Familia ya marehemu Tecla ilikuja mwezi uliopita, tukampata akiwa na miaka ishirini. Huyo kijana na kamera yake atawatafutia wapi?

Sijui. Naogopa, na sioni aibu kusema naogopa. Nina watoto wawili. Bwana Opondo hapa amenipa nafasi ya ukarani kiwandani, kazi yenye likizo na matibabu, na anataka jibu Jumatatu. Mtu mwenye akili angeacha nini, achukue nini?

Mzee wangu, mara ya kwanza ulidanganya nisifukuzwe, mara ya pili ukaficha nisiondoke. Hii ya pili imeniuma. Mimi si yule msichana wa kusukuma milango, nilistahili kusoma ile barua.

Bwana Opondo, nakushukuru kutoka moyoni, na nafasi hiyo mpe mwingine.

Wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka wali umepoa. Na wewe Mzee, ulidhani nikijua nitaenda zangu. Barua niliisoma Alhamisi. Ijumaa saa mbili asubuhi studio ilikuwa wazi, na niliyeifungua ni mimi, kwa ufunguo wa kuazima kwako. Sasa lete huo ufunguo.