Ripoti ya Moshi Usiotudhuru

Benchi la kahawa pale Dunda lina miguu mitatu na tofali moja, na halikaliwi na mtu asiye na hoja. Asubuhi hiyo hoja ilikuja na Clever, kijana wa Kerege, digrii ya sosholojia ya mazingira, mwaka wa nne hana kazi. Wiki sita alimtembeza mtafiti wa Kizungu nyumba kwa nyumba akijaza fomu za moshi wa dampo. Sasa ripoti imetoka, na jina lake halimo hata kwenye shukrani. Hilo ndilo lililomkereketa, ila alianza na la watu.

— Sikieni, section four! alisema akisoma kwenye simu. Wageni thelathini wa hoteli za ufukweni, Wazungu watupu, wamekohoa siku mbili: "athari za kiafya". Sisi miaka kumi na moja: "wenyeji wamejenga resilience".

— Kiswahili chake? akauliza Abdala wa bodaboda, aliyebandikwa jina la Helmeti kwa kuwa hajawahi kuivaa.

— Kwamba mweusi hadhuriki! Wao walipulizishwa kipimo cha pumzi, sisi tukaulizwa hali tu. Racism yenye footnotes! Wanashauri miti ipandwe upande wa hoteli, dampo lipanuliwe upande wetu. Kikao cha kuipitisha ni Jumatano.

— Sayansi ipo hapo, alisema Ridhiwani, fundi cherehani asiyesahau neno la mtu, ndiyo maana wanamwita Hansadi. Pua ya Mzungu imenyooka, moshi unapita kama msafara wa kiongozi. Ya kwetu pana, ukiingia unapotea.

— Ngozi, bwana! akadakia Helmeti. Ngozi nyeusi chujio. Watutundike kwenye mabomba ya viwanda Ulaya, viza watatoa wenyewe.

— Na mapafu, Helmeti?

— Yana vyumba vya uani. Moshi unapanga huko, ndani hauingii.

Helmeti akacheka, akakohoa mpaka kahawa ikamwagika.

— Kashata imenipalia, alisema. Hakuwa na kashata.

— Chekeni tu! Mmetukanwa kwa Kiingereza fasaha, nyie mnaomba viza!

Akatokea Shufaa, anayekaa ubavuni kabisa mwa dampo, mtoto mgongoni.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam. Za nyumbani?

— Salama.

— Mtoto?

— Hajambo.

Mtoto akakohoa, kikohozi kikavu kirefu.

— Kaka Clever, ulipokuja na mgeni wako uliniuliza nini?

— Hali ya mtoto.

— Nikajibu?

— Hajambo, alijibu Hansadi, maana hata yeye angejibu hivyo.

— Yule mgeni, hajui kwamba mlangoni hatujibu vingine. Wewe ulijua, na mtoto alikuwa mgongoni hivi hivi. Kikohozi chake ulikiandika wapi?

Helmeti akainua kikombe. Kilikuwa kitupu.

Clever akazima simu. Fomu ile ilikuwa na visanduku viwili, mzima na mgonjwa, na tiki ya mzima aliitia yeye, kwa kalamu yake mwenyewe.