Miaka Kumi na Sita ya Mafundo ya Eeddo Saado

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, na ninaahidi kusimulia yote, yakiwemo yale ambayo Daud aliniomba niyaruke. Keshokutwa, Jumapili tarehe 30, Bi. Saado Abdullahi anastaafu baada ya miaka kumi na sita ya kufunga vifurushi katika Duka la Koor hapa Garissa. Sisi sote dukani humwita Eeddo, yaani shangazi. Hata wateja wawili wa ng'ambo humwita hivyo katika barua zao.

Kwa wageni watakaosoma ratiba hii kesho ukumbini, kwenye sherehe ya kumuaga, koor ni kengele ya mbao ambayo wafugaji humfunga ngamia shingoni. Duka letu huuza koor kuukuu na mpya, vyetezo vidogo vya mawe na sarafu za zamani, kwa watu wanaopenda kukusanya vitu kama hivyo. Karibu wote wako ng'ambo na hutuona kwenye mtandao tu. Daud Bishar, mwenye duka, hupanga bei na wachongaji. Hinda hupiga picha. Mimi, Ilhan, niliye mdogo kuliko wote, hujibu barua za Kiingereza siku za Jumamosi na wakati wa likizo. Lakini kitu kinachofika mlangoni kwa mteja ni kazi ya mikono ya Eeddo.

Ndiyo maana furaha yetu ya kesho ina wasiwasi ndani yake. Daud ametangaza kwamba asipopatikana mfungaji ambaye Eeddo mwenyewe amempitisha, kuanzia mwezi ujao koor zote zitapelekwa Nairobi zikafungwe na kampuni ya kukodi. Eeddo ameulizwa jina la mfungaji huyo mara tatu. Mara zote tatu amecheka na kuomba chai.

Alianza kazi bila kuiomba. Mwaka 2009 alikuja dukani kuuza koor moja ya marehemu mumewe. Daud, ambaye duka lake lilikuwa na miezi miwili tu, aliipokea, akaizungushia gazeti na kuitumbukiza katika katoni. Eeddo aliinyakua.

"Waryaa, kijana, hii inaenda wapi?"

"Uingereza, Eeddo."

"Na gazeti? Haifiki hata hapo Modogashe. Lete kamba."

Kwetu, familia inapohama, wanawake ndio hubomoa nyumba na kuipakia juu ya ngamia. Eeddo alizaliwa upande wa Habaswein na alianza kupakia akiwa na miaka tisa. Sheria alizojifunza ni tatu: uzito uwe sawa pande zote, kitu kisigusane na kingine, na fundo lishike safari nzima lakini lifunguke kwa mvuto mmoja, kwa kuwa anayefika huwa amechoka. Aliifunga ile koor kana kwamba ni nyumba inayohama. Mnunuzi aliandika kwamba imefika salama na kwamba hakuhitaji hata mkasi. Daud akamtafuta Eeddo mji mzima hadi akampata.

Tangu siku hiyo hakuna kifurushi kilichokwenda posta kabla ya kupimwa. Eeddo hukifunga mgongoni mwake na kukimbia nacho kuzunguka ua wa duka mara mbili. Kikitoa sauti yoyote, kinafunguliwa upya. Sasa ana miaka sitini na tatu na bado anakimbia. Majirani wameshazoea, ila wageni husimama barabarani wakidhani kuna ugomvi.

Kipimo hicho kilizaliwa na aibu. Katika mwaka wake wa pili alisafiri kwa basi kupeleka mzigo wa haraka Nairobi. Kwenye kizuizi cha polisi, askari aliinua begi lake na likasema: klok, klok, klok. Abiria wote waliteremshwa. Kila mtu alisogea mbali na lile begi, hata kondakta. Eeddo alilifungua taratibu, akatoa koor, akaivaa shingoni mwake na kutembea mbele ya askari, kichwa juu, kama ngamia anayeongoza wenzake.

"Mama, hiyo ni nini?" askari aliuliza, akijitahidi asicheke.

"Ni mimi, afande. Nimepotea, nilikuwa natafutwa na mwenyewe."

Basi liliondoka likiwa na vicheko. Tangu hapo kila kijiti kinachogonga ndani ya koor hufungwa kwa kipande cha dera kuukuu kabla ya safari. Kuna mkusanyaji mmoja wa Japani ambaye huhifadhi vile vipande vya dera katika albamu, na amewahi kuuliza kwa adabu kama tunacho chenye maua ya zambarau. Eeddo alikata pindo la dera lake jipya akampelekea.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Daud hakutaka niliandike. Mwaka 2021 duka hili lilikaribia kufungwa, na sababu ilikuwa ukarimu.

Katika nyumba zetu, kitu kizuri hakipewi mgeni kabla ya kufukizwa uunsi, ubani wetu wenye sukari na manukato. Eeddo alikuwa akifukiza kila koor kwa miaka kumi na miwili, kidogo tu, na hakuna aliyelalamika. Kisha duka moja la Finland likaagiza koor sitini kwa mpigo. Hatukuwa tumewahi kupata oda kubwa namna hiyo. Eeddo aliona heshima kubwa inataka moshi mkubwa. Alifukiza koor, akafukiza pamba, akafukiza na katoni yenyewe, siku mbili mfululizo. Mnunuzi alipofungua aliandika kwamba anadhani ndege ilishika moto. Alidai mzigo wote umeharibika. Wiki hiyo hiyo wateja wengine wawili wakalalamikia harufu, na soko la mtandaoni tunakouzia likatupa siku ishirini na moja: tuthibitishe kwamba tatizo limekwisha au akaunti yetu ifungwe. Sifa zote tulizoandikiwa na wateja kwa miaka kumi na miwili zingefutika nayo.

"Eeddo, kuanzia leo hakuna moshi," Daud alisema.

Hinda anasema hiyo ndiyo siku pekee aliyowahi kumwona Eeddo akitumia selotepu.

Siku ya tano alichukua koor mpya kutoka rafuni, moja ya zile zilizokuwa hazijafukizwa, akaigonga juu ya karatasi. Ukadondoka unga laini wa manjano. Akagonga ya pili, unga tena.

"Waryaa Daud! Njoo uone chakula ulichopika."

Walikuwa wadudu wanaotoboa mbao. Kumbe moshi aliouleta Eeddo kwa heshima ndio uliokuwa ukiwazuia miaka yote. Kama koor hizo zingesafiri hivyo, wakaguzi wa ng'ambo wangeziteketeza zote, na hapo tusingekuwa na la kujitetea. Daud aliketi juu ya katoni akashika kichwa. Akiwa na moshi anafungiwa, akiwa hana moshi anafungiwa.

Eeddo hakuketi. Aliacha uunsi, akatumia moshi mwepesi wa kijinga cha mti ule ule ambao wafugaji hutumia kusafisha vibuyu vya maziwa. Kisha akazitundika koor kwenye kamba ya nguo, uani, zipigwe na upepo siku saba. Mtaa mzima haukulala mchana wiki hiyo kwa kelele za kugongana, ikabidi azifunge vipande vya dera hata pale kambani.

Ikabaki kupima harufu. Sisi tuliozoea ubani tangu kuzaliwa hatuwezi kuamini pua zetu. Lakini Fosia, mwenye duka la dawa la jirani, alikuwa mjamzito wa miezi mitatu na hakuweza kustahimili harufu yoyote, hata ya sabuni. Eeddo alimwendea na koor mkononi.

"Abaayo, dada yangu, nusa."

"Eeddo, nakuomba, niache. Nimetapika mara nne leo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe ndiye mashine yetu."

Fosia alinusa, akangoja, akanusa tena. Akasema inanuka mti tu. Daud alishangilia mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni ya dawa wakampongeza, wakidhani mtoto ni wake.

Siku ya kumi na tatu, koor sitini mpya ziliondoka kwenda Finland kwa usafirishaji wa haraka, pamoja na barua ambayo Daud alikuwa ameijaza radhi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Eeddo alitaka asomewe, akaikataa.

"Usiniombee msamaha kwa ukarimu. Omba msamaha kwa sababu hatukumuuliza kwanza kama anapenda."

Daud aliandika upya. Nimeisoma nakala yake mara nyingi, kwani ndiyo barua iliyonifundisha kuandika barua za kazi. Siku ya ishirini mnunuzi aliondoa malalamiko yake, akaagiza koor nyingine thelathini na kuuliza kama anaweza kupata picha ya aliyezifunga. Wale wengine wawili nao wakafuata. Akaunti haikufungwa. Leo vifurushi vya Eeddo vimefika nchi arobaini na moja, na wachongaji kutoka Ijara hadi Lafey wana kazi. Kamba ya nguo bado iko uani. Huko kwenye ghorofa za Nairobi sijui nani ataanika koor siku saba, wala nani atakimbia nazo.

Nimeahidi yote, kwa hiyo na langu nitalisema. Aprili mwaka jana niliomba kufunga chetezo cha mawe cha kwenda Kanada. Eeddo alikitikisa akanirudishia. Nilikifunga na kukifungua mara saba, na mara ya sita nililia kidogo nyuma ya rafu. Hakunibembeleza wala hakunisaidia. Mara ya nane alikivuta kamba, akakifunga mgongoni mwangu badala ya mgongoni mwake, akasema, "Kimbia." Nilikimbia mara mbili. Hakikutoa sauti. "Haye," akasema, yaani sawa, na akarudi kwenye kazi yake. Kilifika kizima. Tangu hapo nimefunga vingine thelathini na sita na hakuna kilichorudi.

Eeddo Saado, kwa niaba ya duka, wachongaji na wateja ambao hawajawahi kukuona, tunakushukuru. Habaswein, unakorudi, inakupata ukiwa mzima na mwenye mbio. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe wajukuu wanaosikia, na mapumziko ambayo hakuna mtu atakayekuja kuyafungua kabla ya wakati.

Limebaki swali moja, na naomba jibu kabla gari lako halijaondoka Jumapili asubuhi, hata kwa kumtuma mtu. Oda ya kwanza ya Desemba ni ya Jumatatu: koor nne kwenda Norwe. Nimezungumza na Daud, naye amesema neno lako likitoka, hapeleki kitu Nairobi. Hinda yuko tayari kunishikia siku za shule hadi nimalize kidato cha nne Novemba mwakani. Wengine waliona haya kukuuliza tena, nami niliona haya kuliko wote, ndiyo maana nimeandika. Je, Eeddo, unaniona natosha?