Ferisiani kwa R
Wasifu wa marehemu Ferisiani Kipriani Ntakije, 1981–2015

Ninyi nyote mliofika Busunzu leo tarehe 24 Novemba 2015, kwa miguu, kwa pikipiki na kwa lori la mchanga, familia ya mzee Kipriani Ntakije inawashukuru. Wasifu huu umeandikwa na dada mkubwa wa marehemu, naye ameuandika akiwa na hasira. Kamati ya mazishi ilimwomba apunguze ukali. Alikataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa hapa Busunzu, mtoto wa tatu wa mzee Kipriani na mama Immakulata. Siku ya ubatizo padre aliuliza jina, mama akalitaja kama anavyolitaja mpaka leo, na padre akaandika alichosikia: Ferisiani. Kwa R. Sisi Waha L hutuponyoka mdomoni, wote mnajua, na wengi wenu mmeshachekwa mjini kwa ajili hiyo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1989. Mwalimu mmoja alimsimamisha mbele ya wenzake, akamwambia aseme "lala kwenye mlango", yeye akasema "rara kwenye mrango", darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaenda mbali zaidi, akamwandika upya: Felisiani. Mtoto alirudi nyumbani akamuuliza mama yake, sasa mimi ni nani. Mama alikuwa anamenya mihogo, wala hakuinua kichwa. "Wewe ni Ferisiani. Huyo Felisiani simjui, hakunyonya kwangu." Mzee Kipriani akavaa koti, akaenda shuleni, na jina likarudi.

Alimaliza sekondari Kibondo mwaka 2001, akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta hadi 2005. Huko alikutana na Lisp, lugha ya zamani ya kuandikia programu, iliyojaa mabano mwanzo hadi mwisho. Wenzake walimtania kwamba anasomea mabano. Yeye aliipenda kwa sababu unaweza kuiongezea maneno yako mwenyewe, nayo ikayapokea bila kukucheka.

Tarehe 6 Septemba 2008 alifunga ndoa na Kezia, mwalimu wa Kasulu. Kezia anasema alimpenda siku alipomwona anagombana na redio. Mtangazaji alikuwa amekosea jina la mshindi wa mashindano ya baiskeli, na Ferisiani alisimama jikoni kwa watu, sahani mkononi, akilisahihisha peke yake.

Mwaka 2012 aliajiriwa Kasulu na shirika linalotafuta ndugu waliopotezana, hasa wa kambi ya Nyarugusu. Hapo ndipo R yake ilipopata kazi. Mkongo, Mrundi na Muha hutaja jina moja kila mtu kivyake, na karani huandika kadiri masikio yake yalivyozoea. Ferisiani aliandika programu inayojua kwamba Leokadia na Reokadiya anaweza kuwa mama mmoja. Watu walikutana. Tuliowaona wakikutana hatutasahau.

Programu ilipokuwa ndefu mno aliigawa katika mafaili manne, akayapa majina kama mama yake angeyatamka. "Sauti" lilibeba kanuni za herufi. "Famiria" liliweka watu na ndugu zao. "Uringanishi" lilipambanisha majina. La nne lilikuwa "mrango", na kazi yake ilikuwa kuyaita hayo matatu kwa zamu: sauti kwanza, famiria, kisha uringanishi. Aliwahi kumweleza dada yake sababu ya zamu hiyo. Kompyuta husoma kutoka juu kwenda chini, na faili linalotumia maneno ya mwenzake haliwezi kutangulia, kama usivyoweza kumtuma mtu ambaye hajazaliwa. Akaongeza neno ambalo leo linatuchoma: "Kwenye majina ya watu nimeifundisha kusamehe. Kwenye majina ya mafaili haisamehi. Ukiita kwa R, inatafuta R tu."

Julai 2015 figo zilimlaza. Alipelekwa Mwanza, akarudishwa Kasulu akiwa amevimba miguu. Mwezi huo huo ofisi ilipata msimamizi mpya. Yupo hapa, amekaa kiti cha mbele, na kama mgeni tumempa soda. Msimamizi alifungua kompyuta ya marehemu, akaona "famiria" na "uringanishi", akacheka. Akayasahihisha majina ya mafaili, moja moja, yakawa Kiswahili cha kitabuni. Ndani ya mrango hakuchungulia. Mrango ukaendelea kuita majina ya zamani, wala hapakuwa na wa kuitika. Programu ikagoma kuanza. Msimamizi akatangaza kwamba imekufa, kwamba aliyeiandika hakujua hata kuandika Kiswahili, na kwamba mtu asiiguse mpaka nyingine ije kutoka Dar.

Mama Apoline, mkimbizi wa Kongo aliyekuwa mkalimani wa ofisi, alikwenda kumwona wodini mwezi wa Septemba. Alimwambia, "Niko namutafuta mama yangu, Nsimire. Banasema alivuka mupaka pa Mabamba na Warundi. Lakini programu yako ilikufa, Ferisiani."

Ferisiani alimpigia simu Athuman, mwenzake wa meza ya jirani. "Inasema nini ukiifungua?"

"Inasema haioni famiria."

"Nani kairoga?"

"Bosi kaisahihisha."

Alicheka mpaka Kezia akamshika kifua. Kisha akasema taratibu, "Athuman, rudisha R. Ni kazi ya muda wa kunywa chai." Athuman akasema angoje ruhusa. Ferisiani akapiga tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Ruhusa, ruhusa, ruhusa. Athuman ana watoto wa kulisha, hatumlaumu sana. Tunamlaumu kidogo.

Alifariki Jumamosi tarehe 21 Novemba, alfajiri, Kezia akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kuhusu kazi lilikuwa swali: je, mama yake Apoline ameonekana?

Jana Kezia alikwenda ofisini kuchukua koti la mumewe. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alisimama nyuma ya kiti cha Athuman akamwambia, "Rudisha R, niko hapa." Athuman akazirudisha. Mrango ukaita, yote yakaitika, na programu ikafunguka kana kwamba haijawahi kufungwa. Apoline akamtaja mama yake. Jibu likaja palepale: Nsimile, bibi asiyeona, aliyevuka Mabamba mwezi Juni na kuandikwa kwa L na karani. Alipelekwa Nyarugusu, kambi ile ile anayolala Apoline, mwendo wa kwenda kuomba chumvi. Apoline alipofika huko jioni, aliambiwa amefariki tarehe 9 Oktoba. Alizikwa na majirani.

Bwana msimamizi, familia haikutukani. Inakuambia tu kwamba bibi yule aliishi miezi minne akimwita binti yake, na programu ya kumwitikia ilikuwa mezani kwako.

Marehemu ameacha wazazi wake, mjane Kezia, watoto wawili Tharsisi na Generoza, na dada anayesoma maneno haya. Ameacha pia Apoline, ambaye leo analia misiba miwili na hatukumruhusu akae nyuma.

Tungeishia hapa. Lakini asubuhi hii tumeuona msalaba ambao shirika limetuletea, mzuri, wa mninga, umepakwa vanishi. Umeandikwa FELISIANI. Mama Immakulata ameusoma kwa kidole, herufi moja moja, kisha akauliza ni nani anayezikwa kwenye shamba lake.

Fundi ameshaitwa na patasi yake. Padre atusubiri, na jeneza lisishuke. Ikirudi R, ndipo tutamshusha, na apumzike akiitwa jina lake.