Samaki Aliyeahirisha Ufunguzi wa Wodi

Tarehe 30 Juni, Mhandisi Maeng Ok-rim, mkuu wa majengo wa hospitali yetu hapa Mokpo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini.

Alipoajiriwa, wodi zilikuwa na vitanda vinane kwa dirisha moja, na jamaa wa wagonjwa walilala sakafuni. Mmoja akikohoa, wodi nzima iliitikia. Yeye ndiye aliyepunguza vitanda na kuhamishia masinki mlangoni, mahali ambapo daktari hawezi kujifanya hajayaona.

Ndoto yake ilikuwa wodi ya kuwatenga wagonjwa wa kifua kikuu, na aliipigania kwa miaka. Hewa ingeingia chumbani kutoka korido, kisha feni ingeivuta na kuitoa juu ya paa. Mgonjwa wa kwanza, Mzee Pyo, alilazwa humo siku moja kabla ya siku ambayo meya alitarajiwa kuja kuifungua rasmi.

Mchana huo mke wa mzee aliingiza kwa siri hongeo, samaki wetu aliyechachushwa, mwenye harufu ya choo kilichosahauliwa. Korido nzima ikashika pua.

“Nani kafa huku?” muuguzi akapiga kelele.

“Hajafa mtu, mwanangu. Mume wangu anakula!”

Mkurugenzi Tak akaagiza samaki aondolewe na marashi yapulizwe. Mhandisi Maeng akamzuia.

“Samaki aachwe. Harufu ikitoka, na kifua kikuu kinatoka.”

Dari ikafunguliwa. Feni ilikuwa imefungwa kinyume, ikisukuma hewa ya chumbani koridoni, na aliyeidhinisha kazi hiyo ni Maeng mwenyewe.

“Ukisema, utajiumbua,” mkurugenzi akamnong’oneza. “Na meya akikasirika, hizi fedha zitajenga maegesho ya magari.”

“Basi niumbuke. Mpigie simu.”

Ufunguzi ukaahirishwa, na meya alikasirika kweli. Feni ilipogeuzwa, Maeng alimwalika upya, akamketisha koridoni, akaweka hongeo mzima chumbani.

“Mnanidanganya, humo hamna samaki,” meya akasema. Akaingiza kichwa mlangoni, akakitoa huku machozi yakimtiririka, akakata utepe bila hotuba. Hiyo nayo tunaihesabu miongoni mwa mafanikio ya mhandisi.

Tangu hapo jaribio hilo hufanywa kila mwaka. Makala haya yanaandikwa kwenye meza ya wauguzi, mkabala na chumba kisicho na mgonjwa, ambamo Maeng ameacha sahani yake ya mwisho tangu asubuhi. Hapa pananukia kahawa tu.

Asante, Mhandisi. Tunakutakia maisha mema, na majirani wanaopenda hongeo.