Siafu wa Ukurasa wa Tatu

Kishindo kimoja tu, cha chuma kuanguka sakafuni, ndicho kilichosikika usiku ule mtaa wa stesheni, Kilosa. Asubuhi kijiwe kizima kilikuwa na habari: mashine ya kudurufu ya Urbanus imevunjwa, na mwenyewe amechukuliwa na polisi. Tangu kila mwenye kalamu aruhusiwe kutoa gazeti, jarida lake la Kipenga lilikuwa limevuma kwa umbea wa nyumba ndogo, mpaka abiria wa mabasi pale Mikumi wakaligombania madirishani. Halafu Siafu, mwandishi asiyejulikana, akaeleza ukurasa wa tatu jinsi mkubwa mmoja alivyojigawia shamba la mkonge lililokufa, huku watu wa Masanze wakiwa wanalilima. Urbanus angeachiwa akimtaja Siafu. Pale kijiweni, Mwalimu Theodory aliagiza kahawa ya pili kabla hajamaliza ya kwanza.

— Siafu ni wa Dar, alisema Tochi, fundi baiskeli. Kiswahili kile cha huku? Thubutu!

— Acha kamba, alidakia Mzee Reli, dereva mstaafu wa treni. Ni mwanamke. Anapiga taipu ofisini kwa mkubwa mwenyewe.

— Mwanamke gani, mzee? Siafu ni watu saba! Kila mmoja anaandika mstari wake, na hawajuani.

— Saba? Mimi nasikia alishakufa. Zile ni karatasi alizoacha sandukuni.

— Marehemu anajua bei ya mahindi ya juzi?

— Kaburini kuna redio, Tochi. Unabisha nini?

Wakacheka, kicheko kifupi. Theodory naye akacheka, akachelewa kidogo. Ajira, nyumba ya shule, watoto watatu: vyote vilining'inia kwenye jina moja.

Mwanamke akasimama mbele yao, kapu la chakula mkononi. Alikuwa Hildegarda, mke wa Urbanus, katoka Mikumi na basi la kwanza, akapitia kituo cha polisi kumwona mumewe.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mwenzangu ana sukari, miguu imeshaanza kuvimba. Na kutaja kagoma. Nauliza tu, jamani: Siafu ni nani?

Tochi aliinamia mnyororo. Mzee Reli alichungulia kikombe kitupu. Muuza kahawa alipangusa birika lililokuwa safi. Walitazama popote, isipokuwa kwa mwalimu.

Hapo Theodory akaelewa. Walijua, wote, siku zote. Wale saba, yule marehemu, ile redio ya kaburini: vyote vilikuwa blanketi walilomfunikia.

Akasimama. Mzee Reli akamvuta shati.

— Kaa chini, mwanangu.

Hakukaa.

— Shemeji, alisema, Siafu ni Theodory Lupakisyo.