Diski Nne za Sofia

Kijiwe kilikuwa mbele ya studio ya Sofia, Nachingwea sokoni, na wakaaji wake walikuwa na maoni mazito juu ya kila kitu ambacho hawajawahi kukishika. Mada ilikuwa seva ya akiba. Video za harusi na jando za nusu ya wilaya zilikuwa kwenye diski moja kuukuu ya Sofia, na baada ya radi kuunguza duka la jirani, alitaka nakala ikae mbali, Ruangwa kwa dada yake. Kazi ya kuchagua vifaa alimpa fundi wake, Masoudi. Masoudi, kwa kupenda sifa, akaileta kijiweni. Hapo ufuta ulikuwa shambani. Sasa watu wanaokota korosho, na hakuna kilichonunuliwa.

— Diski nne, alisema Masoudi akipuliza kahawa. Zinabebana. Moja ikifa, tatu zinasonga. Ndiyo RAID hiyo.

— Zote zitoke boksi moja, aliamuru Kornel, aliyeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kufungua jenereta akashindwa kuifunga. Zikizaliwa pamoja zinaelewana.

— Na zitakufa pamoja! alidakia Rashidy Bando, ambaye bando lenyewe huwa la wenzake. Kila moja nunua duka lake.

— Nachingwea hii maduka manne ya diski utayaona wapi, wewe? Injinia alimkata.

— Mie naogopa kadi ya kuziunganisha, Masoudi alisema. Ikiungua kadi, diski zitakuwa nzima lakini hazisomeki.

— Nunua kadi mbili, alisema Injinia.

— Seva mbili kabisa! Rashidy alimzidi. Ya pili peleka kijijini Nkowe.

Abdulatifu, waliyemwita Profesa, akakohoa.

— Hamjui kitu. Diski zimezoea kiyoyozi cha Dar. Zikikutana na joto letu zinapata homa. Chimba shimo, zifukie kwenye mtungi.

Masoudi alicheka, lakini moyoni akaanza kulipima shimo. Sofia akachungulia mlangoni.

— Masoudi, ile diski kuukuu tangu juzi inagonga, naona inataka kufa. Si tununue japo kadiski kadogo ka mkononi, tunakili kwanza?

— Kadogo! Kijiwe kikalipuka. Dada Sofia, unatutia aibu!

Masoudi alicheka kuwazidi wote.

— Izime tu, dada. Usiiguse mpaka seva ije.

Bodaboda ikamshusha mama mmoja, Bi Hajra wa Naipingo.

— Shikamoo mama, walimwamkia kwa pamoja.

— Marahaba wanangu. Nimefuata video ya harusi ya Zuhra wangu. Tangu tumzike sijaisikia sauti yake.

Wakampisha kwenye benchi, wakampa pole, kisha wakamweleza yote: diski nne, kadi, Ruangwa, hata mtungi. Bi Hajra alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

— Mmefanya vizuri. Sasa wakati mnachagua, harusi ya mwanangu imekaa wapi?

Injinia akatazama viatu. Profesa akaomba kahawa. Birika lilikuwa tupu.

Masoudi aliingia studio. Akaiwasha diski. Ikagonga, ikagonga tena, kisha ikanyamaza, na kwenye kioo cha kompyuta hapakutokea hata harusi moja. Sofia hakumlaumu, aliketi tu akifunika uso.

Nje, Bi Hajra alijitanda khanga vizuri.

— Msiharakishe, wanangu, alisema. Nitangoja.